Mkono wa Kiziwi Usifungwe

Asubuhi moja katika Mwaloni wa Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa yakipandishwa kwenye fuso na akina mama wakipima kwa sado, nilisimama karibu na muuzaji mmoja ambaye ni kiziwi. Mteja alimjia, akanyoosha vidole sita: elfu sita. Muuzaji akatikisa kichwa, akaonyesha nane. Wakakutana kwenye saba. Sado ilipojaa, mteja akachota konzi mbili za nyongeza. Mama akaweka kiganja juu ya dagaa, akamkazia macho, na konzi moja ikarudi kwenye turubai. Biashara ikaisha kwa dakika mbili, wala hakuna aliyesema kwamba mama huyu haeleweki.

Mama kama huyo akipigwa usiku, akitishiwa kwa panga au akinyang'anywa mauzo njiani, akifika ofisini kuripoti mara nyingi hupokewa kwa swali moja: "Umekuja na nani?" Maana yake, yuko wapi wa kusema kwa niaba yako. Akiwa hana mtu, ataambiwa arudi kesho. Akiwa na mtu, huyo mtu ndiye atakayesikilizwa, hata kama ndiye aliyempiga.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya safari hiyo fupi, kutoka kwenye kiganja cha mama yule hadi kwenye daftari la ofisi. Nawaandikia wazazi wenye watoto viziwi, walimu, wenyeviti wa mitaa na vijiji, askari, wauguzi na majirani wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria. Nawaandikia pia viziwi wenyewe wanaosoma. Neno langu ni moja: kiziwi ana la kusema na ana namna ya kulisema. Kilichopungua ni njia ya kulifikisha, na njia hiyo hutengenezwa kabla ya siku ya tukio.

Tuanze na jina

Mitaani bado tunasikia "bubu". Neno hilo linamwambia kila anayelisikia kwamba mtu huyu hana la kusema. Anayeitwa hivyo nyumbani huitwa hivyo kituoni, na akiandikwa hivyo kwenye daftari la malalamiko, kesi yake imeanza kufa kabla ya kusomwa. Jina linalokubalika na wenyewe ni kiziwi, wengi viziwi. Chama chao cha taifa, CHAVITA, kimebeba jina hilo tangu miaka ya 1980. Lugha yao ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye msamiati wake na mpangilio wake wa maneno.

Sheria nayo haimwoni kiziwi kuwa mtu asiye na ushahidi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamruhusu shahidi asiyeweza kutamka atoe ushahidi kwa maandishi au kwa alama mbele ya mahakama, na ushahidi huo unahesabiwa sawa na wa mdomo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kesi ya kiziwi haiwezekani kwa kuwa hasemi, mjibu kwa upole kwamba sheria ya nchi inasema vingine.

Kwa nini mwovu humchagua kiziwi

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu watoto wenye ulemavu. Ulionyesha kwamba hatari yao ya kufanyiwa ukatili ni mara 3.7 ya ile ya watoto wasio na ulemavu. Sababu haimo katika mwili wa mtoto. Mtu mwovu hupiga hesabu ya kukamatwa, na kwa mtoto kiziwi huona hesabu hiyo ni ndogo: mama yake hajui alama, mwenyekiti hajui alama, askari hajui alama. Anajua mtoto ataona, ataumia na atakumbuka, lakini hakuna wa kumpokelea habari.

Mfano mkubwa ulitokea Argentina. Katika Taasisi ya Antonio Provolo mkoani Mendoza, shule ya bweni ya watoto viziwi, mapadri wawili na mtunza bustani walipatikana na hatia mwezi Novemba 2019 ya kuwadhalilisha wanafunzi kingono. Padri mmoja alihukumiwa miaka 45, mwingine 42. Huyo wa pili alikuwa ametoka katika taasisi yenye jina hilohilo mjini Verona, Italia, ambako wanafunzi wa zamani walikuwa wamemtaja hadharani kabla watoto wa Mendoza hawajaokolewa. Watoto hao walisemeshwa kwa midomo, na wengi hawakuwa na mtu nyumbani wa kuzungumza naye kwa kina. Waliofungua kesi ile ni viziwi wenyewe, siku walipopata mtu wa kuzisoma alama zao.

Huku kwetu kuna mambo yanayoongeza uzito. Maisha ya mwaloni ni ya watu wanaohama na samaki. Leo kambi iko Ukerewe, kesho iko Sengerema, na aliyetenda ubaya usiku anaweza kuwa kisiwa kingine kabla ya jua kuchwea. Wako pia wanawake wanaotegemea hisani ya mwenye mtumbwi ili wapate samaki wa kuuza. Ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya mtindo wa kutoa mwili ili upewe samaki una jina kabisa, jaboya. Mwanamke kiziwi akiwa katika biashara hiyo, asiyeweza kubishana kwa sauti mbele ya watu, hubanwa mara mbili.

Kuitambua hatari

Mtu anayesikia hupewa maonyo ya bure kutwa nzima. Anasikia jirani akinong'ona kwamba fulani si mtu mzuri, anasikia nyayo nyuma yake, anasikia redio ikitaja utapeli mpya. Kiziwi hukosa yote hayo, kisha akiingia mtegoni tunamwita mjinga. Wajibu wa kwanza wa familia ni kumpa maonyo hayo kwa makusudi. Jioni, baada ya kula, mketishe penye mwanga umweleze yaliyosemwa mtaani leo. Usimwambie "nitakwambia baadaye", maana hiyo baadaye huwa haifiki.

Kisha umfundishe kwamba ukatili si kipigo peke yake. Ni ukatili mtu kukunyang'anya simu yako ili usiwasiliane na viziwi wenzako, kukuficha betri za kifaa chako cha usikivu, au kukushika mikono kwa nguvu usiweze kusema. Ni ukatili ndugu kujua namba yako ya siri ya pesa za simu na kutoa hela bila ridhaa yako, au kupokea malipo ya kazi yako mwaloni na kukurudishia anachotaka yeye. Ni ukatili mtu kukutafsiria uongo hospitalini ili usijue umepewa dawa gani. Na kitisho hakihitaji sauti: anayepitisha kidole shingoni akikutazama, au anayekuonyesha panga kisha akamwonyesha mwanao, amekutishia. Kutishia kumdhuru mtu ni kosa, na alama ya mkono inaweza kubeba kitisho kama neno.

Kwa mtoto, mzazi na mwalimu watazame mabadiliko. Aliyekuwa akikimbilia shule sasa analia likizo ikiisha. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anamkwepa mtu mzima mmoja tu, au ana hela na simu ambazo haelezi zimetoka wapi. Kwa watoto wanaosikia tungeuliza kuna nini. Kwa mtoto kiziwi tunasema "viziwi ndivyo walivyo, wana hasira". Kauli hiyo imewafunika wahalifu wengi. Hasira ya mtoto kiziwi aghalabu ni habari iliyokosa msomaji.

Usisahau hatari ya kwenye simu. Viziwi wengi huishi kwa ujumbe mfupi na WhatsApp, ndiko utapeli uliko pia. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upelekwe pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano kupokea taarifa hizo. Mtu akimtishia kiziwi kwamba atasambaza picha zake za faragha, asimlipe na asifute kitu. Apige picha ya skrini yenye namba na tarehe, kisha aende nayo polisi. Tangu 2015 nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao kwa ajili ya mambo ya namna hii.

Lugha ya nyumbani ndiyo ngao ya kwanza

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti "baba", kisha "mama", kisha "papa". Tazama midomo yako. Inafumba na kufumbuka vilevile mara zote tatu. Sasa mfikirie mtoto anayeulizwa kwa kusemeshwa midomo: "Ni baba au ni mama aliyekupiga?" Akiitikia kwa kichwa, ameitikia lipi? Familia nyingi zinaamini kwamba mtoto wao "anasoma midomo vizuri tu". Anasoma kidogo na kukisia kingi, na katika shauri la ukatili kukisia hakutoshi.

Kwa hiyo mzazi, jifunze alama. Huhitaji cheti. Anza na maneno yanayolinda: majina ya viungo vyote vya mwili, pamoja na vile tunavyoona haya kuvitaja, nani, wapi, lini, uliumia, uliogopa, hukutaka, acha, nisaidie, siri. Mwanao mwenyewe akishaanza shule ya viziwi atakufundisha. Mwalimu wake atakufundisha. Uliza lilipo tawi la CHAVITA, uombe kiziwi mtu mzima aje nyumbani Jumamosi mbili kwa mwezi. Kumwona mtu mzima kiziwi mwenye kazi yake na familia yake ni somo tosha kwa mtoto, maana anajua kwamba siku moja naye atasikilizwa.

Mfundishe tofauti ya siri nzuri na siri mbaya. Zawadi ya sikukuu ni siri nzuri, itafunuliwa na wote watafurahi. Mkono uliomgusa chini ya nguo akaambiwa asiseme ni siri mbaya, na siri mbaya haina mwenyewe. Ichoreni kwenye karatasi: mwili wa mtoto, mahali pa kuguswa na daktari mama akiwapo, mahali pa kutoguswa na mtu. Mtoto asiyepewa alama ya sehemu zake za siri ataonyesha tu kwa kidole hewani, na wakili wa upande wa pili atauliza kidole kile kilimaanisha nini.

Mpango wa mkononi

Usingoje moto uwake ndipo utafute maji. Ndugu yangu kiziwi, au wewe unayeishi naye, kaeni wiki hii mtengeneze mambo matano.

1. Watu watatu wa kuaminika, na mmoja wao asiwe wa ukoo wenu. Akitenda mjomba, shangazi anaweza kumlinda mjomba. Mwalimu, kiongozi wa dini, mama wa duka la jirani au kiziwi mwenzako wa mtaa wa pili anaweza kuwa wa tatu.

2. Ujumbe uliokwisha andikwa kwenye simu: "Mimi ni kiziwi. Niko hatarini. Niko hapa: ... Njoo au piga simu polisi 112." Hata simu ya kitochi inahifadhi ujumbe. Siku ya hofu vidole hutetemeka, na ujumbe uliokwisha kuwapo utatumwa kwa kubofya mara mbili.

3. Kadi ndogo ya kuvaa au kuweka mfukoni iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina, "MIMI NI KIZIWI, NATUMIA LUGHA YA ALAMA, NAOMBA MKALIMANI", na namba za wale watatu.

4. Alama moja ya dharura ambayo nyumba nzima na majirani wanaijua. Wengine huwasha na kuzima tochi mara tatu dirishani, wengine hugonga bati. Chagueni yenu, muijaribu usiku mmoja muone kama jirani ataamka.

5. Mahali pa kwenda pajulikane kwa miguu. Mpeleke kiziwi mchana kweupe akaone lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisi ya ustawi wa jamii na hospitali ya wilaya. Aonane na askari wa dawati ana kwa ana. Anayeishi kisiwani ajue chombo gani huondoka saa ngapi, na nani ana mtumbwi wa kumvusha usiku.

Namba za msaada tulizo nazo zimejengwa kwanza juu ya sauti. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116 na ni bure, polisi ni 112. Kiziwi azijue ili azionyeshe: afungue kiganja, aandike 116, amkabidhi simu anayesikia. Nawe unayesikia ukikabidhiwa simu hivyo, usirudishe. Piga. Uingereza tangu Juni 2022 kiziwi anaweza kupiga 999 kwa video akamkuta mkalimani wa alama upande wa pili. Sisi tunaweza kuanza na kidogo: kila dawati la polisi katika Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe libandike mlangoni namba moja inayopokea ujumbe na simu za video za WhatsApp, na namba hiyo isambazwe katika shule za viziwi, misikiti, makanisa na mialoni.

Siku ya tukio

Ukimkuta kiziwi amefanyiwa ukatili, au akikujia, fanya hivi.

Kwanza mpeleke mahali salama penye mwanga. Gizani umemziba mdomo. Mwambie kwa uso na kwa mkono kwamba unamwamini na kwamba si kosa lake. Usimtolee macho ya mshtuko, maana yeye anasoma uso wako kuliko unavyodhani. Mwache aeleze kwa namna yake: alama, mchoro, kuigiza, kuonyesha mahali. Usimmalizie sentensi. Usimuulize "ni Fulani, eh?" ukimtajia jina, maana kuitikia kwake kutakuwa ni kwa jina lako na si kwa kumbukumbu yake. Uliza "nani?" kisha ungoje.

Kama ni ukatili wa kingono, asioge na asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Afikishwe hospitali upesi: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo hufaa ndani ya siku 5. Kwa mtu wa Ukara au kisiwa kingine, saa 72 ni pamoja na kungoja chombo, basi usipoteze siku nzima kwenye kikao cha ukoo. Ziko hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako mganga, askari na afisa ustawi hukutana na manusura mahali pamoja. Uliza kama ya kwenu inacho.

Polisi watatoa fomu ya PF3 kwa ajili ya daktari na namba ya RB ya taarifa. Iandikeni mahali pawili. Kiziwi mwenyewe abaki na picha yake kwenye simu, maana kesho akienda peke yake, ile namba ndiyo itakayomtangulia kusema.

Kama kiziwi anajua alama na hakuna mkalimani usiku ule, unaweza kurekodi video ya maelezo yake ya kwanza, yeye akiridhia. Video hiyo apewe mpelelezi tu. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, umemdhalilisha mara ya pili.

Na kumbuka kwamba kwa mtoto kuripoti si hisani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuipasha habari serikali ya mtaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika maeneo yao. Ukifika kwa mtendaji, unamkumbusha kazi yake.

Mezani kwa askari, muuguzi na hakimu

Wapendwa watumishi, najua mnafanya kazi na upungufu mwingi. Lakini mengi ninayoyaomba hayahitaji bajeti.

Mkalimani asiwe ndugu wa manusura, wala mwenye nyumba wake, wala tajiri wake wa mtumbwi. Tafuteni mwalimu wa viziwi au mkalimani kupitia CHAVITA. Ikilazimu kumtumia ndugu kwa ajili ya dharura, andikeni katika maelezo kwamba mkalimani alikuwa ndugu, na maelezo yarudiwe mkalimani huru akipatikana. Wako viziwi ambao hawakwenda shule, wana alama za nyumbani tu. Kwa hao mkalimani anayesikia anaweza kukwama. Mwiteni kiziwi mwenzake mwenye uzoefu akae katikati: yeye huzipata alama hizo, huzigeuza kuwa Lugha ya Alama ya Tanzania, na mkalimani huzigeuza kuwa Kiswahili.

Mtazame kiziwi, usimtazame mkalimani. Sema "ulifanya nini?", usiseme "muulize alifanya nini". Asikae akitazama dirisha lenye jua, hataona mikono. Watu wawili wasizungumze kwa wakati mmoja. Akitikisa kichwa juu na chini, usiandike kwamba amekubali. Huenda anakuonyesha heshima tu, au amechoka. Mwombe arudie kueleza alichoelewa.

Akiandika, usicheke Kiswahili chake. Kwa viziwi wengi Kiswahili ni lugha ya pili, walijifunza kwa macho bila kukisikia. Anaweza kuandika: "Jana usiku mimi lala, mwanaume mlango vunja, kisu." Sentensi hiyo ina wakati, mahali, mtendaji na silaha. Inakiliwe kama ilivyo, na ufafanuzi uwekwe pembeni. Ukiinyoosha kwa Kiswahili chako, mahakamani atasomewa maneno ambayo si yake, ataonekana anajipinga.

Na kama kiziwi ndiye mshukiwa, pingu za mgongoni humnyima mwili na ulimi kwa pamoja. Usalama ukiruhusu, mikono iwe mbele.

Doria ya usiku

Kanda ya Ziwa ina historia ya sungusungu tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na hadi leo mitaa mingi ina ulinzi shirikishi. Doria husimamisha watu kwa sauti: "Simama! Wewe nani?" Kiziwi anayetoka kwenye uvuvi wa karabai saa nane usiku huendelea kutembea. Asiyejua humdhania mwizi anayekaidi, na fimbo ya kwanza ikishuka hakuna atakayeuliza tena. Wenyeviti, chukueni usiku mmoja kuitambulisha doria kwa kila kiziwi wa mtaa. Kanuni iwe moja: asiyeitika amulikwe tochi chini miguuni, kisha usoni kwa kitambo, na aonyeshwe kiganja cha "ngoja". Kiziwi naye, akimulikwa, asikimbie. Ainue mikono wazi, aguse sikio lake, aonyeshe kadi. Makubaliano hayo ya dakika kumi yanaweza kuokoa mtu.

Baada ya kuripoti

Kesi nyingi haziishii polisi, huishia sebuleni. Wazee hukutana, mifugo au fedha hutajwa, na kiziwi hujua kwamba shauri lake limemalizwa anapoona aliyemdhuru akinywa chai nyumbani kwao. Hakuulizwa. Kosa la kubaka, ambalo kwa kawaida adhabu yake haipungui miaka 30 jela, halina bei ya ng'ombe, na ukoo hauna mamlaka ya kulisamehe. Ukialikwa kwenye kikao cha namna hiyo, toka, uende kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wako, kamati zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18.

Mfuatilie aliyeripoti. Mwulize kila wiki kama ametishwa, kwa sababu kwake kitisho kinaweza kuwa mtu anayesimama tu ng'ambo ya barabara akimtazama. Tarehe ya mahakama aandikiwe, asiambiwe kwa mdomo. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Mwombe mmoja amsindikize, na mwombe hakimu mapema, kabla ya siku ya kusikilizwa, mkalimani awepo. Mahakama ikijua siku hiyohiyo, kesi itaahirishwa, na shahidi aliyevuka ziwa mara tatu bure huenda asivuke mara ya nne.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 13 inadai haki ifikiwe na wote, ya 16 inadai walindwe dhidi ya unyonyaji na ukatili. Kila Septemba 23 dunia inaadhimisha Siku ya Lugha za Alama, na mwishoni mwa mwezi huo huwa kuna Wiki ya Viziwi. Tusingoje Septemba.

Leo jioni, kabla hujalala, mtafute kiziwi mmoja wa mtaa wako. Mwulize jina lake la alama, maana viziwi wengi hupewa jina hilo na wenzao. Jifunze kulitamka kwa mkono wako. Kisha mpe namba yako ya simu na umwonyeshe mlango wako. Siku atakapougonga, uwe umekwisha kujua kumwita.